Mafunzo ya urambazaji wa ndege kwa msingi wa utendaji

Mafunzo ya urambazaji wa ndege kwa msingi wa utendaji ni mafunzo wanayopewa marubani, waongoza ndege, wasanifu wa njia za anga, watunza taarifa za anga na wakaguzi wa usalama ili waweze kutumia mfumo wa urambazaji unaojulikana kimataifa kwa kifupi cha PBN. Katika mfumo huo ndege haihitaji kufuata mlolongo wa vituo vya redio vilivyojengwa ardhini. Hufuata njia iliyochorwa kwa latitudo na longitudo na kuhifadhiwa katika kompyuta yake. Kanuni haziagizi aina moja ya kifaa ambacho kila ndege inapaswa kuwa nacho, bali hutaja kiwango cha utendaji ambacho ndege na marubani wake wanapaswa kukifikia.

Mafunzo haya yana uzito wa pekee kwa sababu kompyuta ya ndege hufuata kwa uaminifu njia yoyote iliyoingizwa ndani yake, iwe sahihi au yenye kosa. Kosa lililofanyika ofisini, kwenye mnara wa kuongozea ndege au katika chumba cha marubani linaweza kupita bila kuonekana hadi ndege iwe karibu kugonga mlima au ardhi. Kwa hiyo kumfundisha rubani peke yake hakutoshi. Kila mtu katika mnyororo wa kazi hufundishwa sehemu yake, na pia namna kosa lake linavyoweza kumfikia mwenzake.

Maana ya urambazaji kwa msingi wa utendaji

Kwa miongo mingi ndege ziliongozwa na vituo vya redio vya ardhini, hasa vile vinavyoitwa NDB na VOR. Rubani aliruka kutoka kituo kimoja hadi kingine, na njia za anga zilipinda kufuata mahali ambapo vituo viliweza kujengwa. Penye bahari, jangwa au milima mirefu vituo havikuwepo, au mawimbi yake yalizuiwa. Usahihi nao ulipungua kadiri ndege ilivyokwenda mbali na kituo.

Vyombo vya kisasa, hasa vipokezi vya setilaiti kama GPS, huiwezesha ndege kujua mahali ilipo bila kupita juu ya kituo chochote. Hivyo njia inaweza kuchorwa mahali inapofaa: kando ya mlima, kwa umbali mfupi zaidi, au mbali na makazi ya watu ili kupunguza kelele. PBN ni utaratibu wa kupanga matumizi hayo kwa kanuni moja duniani kote. Ina sehemu tatu:

- viwango vya urambazaji, yaani masharti ambayo ndege na marubani wanapaswa kuyatimiza;
- miundombinu, yaani setilaiti na vituo vya ardhini vinavyokubaliwa kwa kiwango husika;
- matumizi, yaani njia halisi iliyochapishwa kwa ajili ya eneo au kiwanja fulani cha ndege.

Viwango hivyo vimegawanyika katika makundi mawili, RNAV na RNP. Namba inayofuata jina huonyesha usahihi kwa maili za bahari, ambapo maili moja ni mita 1,852. Ndege inapaswa kuwa ndani ya umbali huo kutoka mahali inapotakiwa kuwa kwa angalau asilimia 95 ya muda wa safari. Tofauti kati ya makundi hayo ni moja: kiwango cha RNP hudai ndege iwe na uwezo wa kupima yenyewe kama inatimiza usahihi unaotakiwa, na kumwonya rubani inaposhindwa. Kiwango cha RNAV hakidai hivyo.

Viwango vinavyofundishwa mara nyingi ni hivi:

- RNAV 10, kwa ajili ya bahari na maeneo ya mbali;
- RNAV 5, kwa ajili ya njia kuu za anga juu ya nchi kavu;
- RNAV 2 na RNAV 1, kwa ajili ya njia kuu na pia kuingia na kutoka katika maeneo ya viwanja vya ndege;
- RNP 4, kwa ajili ya bahari na maeneo ya mbali;
- RNP 1, kwa ajili ya kuingia na kutoka katika eneo la kiwanja;
- RNP APCH, kwa ajili ya kukaribia kutua, ambapo hatua ya mwisho hudai maili 0.3, yaani takriban mita 556;
- RNP AR APCH, kwa ajili ya kukaribia kutua mahali pagumu kwa kibali maalum, ambapo usahihi unaweza kufikia maili 0.1, yaani takriban mita 185;
- RNP 0.3, ambacho kimewekwa hasa kwa ajili ya helikopta.

Majina yenyewe huwachanganya wanaoanza kujifunza. RNAV 10 bado inaitwa RNP 10 katika hati na vibali vingi, ingawa haidai uwezo wa kujipima na kuonya. Vilevile ramani nyingi za kukaribia kutua ziliandikwa RNAV kwa miaka mingi, ilhali masharti yake ni ya RNP. Baadaye ziliamriwa kubadilishwa jina. Kwa sababu hiyo somo la kwanza katika kozi nyingi ni kusoma majina haya na kujua kila moja linadai nini.

Historia

Tarehe 4 Septemba 1971 ndege ya Alaska Airlines aina ya Boeing 727 iligonga mlima ilipokuwa ikikaribia kutua Juneau, katika jimbo la Alaska nchini Marekani. Watu wote 111 waliokuwemo walifariki. Marubani walikuwa wamepata picha isiyo sahihi ya mahali walipo. Juneau imezungukwa na milima, na ndege huingia huko kupitia mkondo mwembamba wa bahari.

Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya Korean Air Lines, safari namba 007, ilipotea njia na kuingia katika anga ya Umoja wa Kisovyeti, ambako ilitunguliwa. Watu 269 walikufa. Uchunguzi wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) uliokamilika mwaka 1993 ulieleza kuwa otopailoti iliachwa ikifuata mwelekeo wa dira badala ya njia iliyokuwa katika mfumo wa urambazaji, na marubani hawakugundua. Baada ya ajali hiyo serikali ya Marekani ilitangaza kuwa GPS, iliyokuwa ikijengwa kwa matumizi ya kijeshi, ingetolewa pia kwa matumizi ya kiraia. Mnamo Mei 2000 Marekani iliacha kupunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia.

Mwaka 1996 Alaska Airlines ilianza kutua Juneau kwa kutumia utaratibu wa RNP, wa kwanza wa aina yake duniani. Ndege iliweza kupinda kufuata mkondo kati ya milima kwa msaada wa kompyuta yake. Utaratibu huo ulihitaji marubani wafundishwe kwa namna maalum, na tangu wakati huo idhini ya kutumia taratibu ngumu za RNP imeambatana na masharti ya mafunzo.

Kila nchi iliendelea kuweka viwango na majina yake, jambo lililoyasumbua mashirika yanayoruka nchi nyingi. ICAO iliunganisha mambo hayo katika mwongozo wa PBN, hati namba 9613, uliotolewa mwaka 2008. Mwaka 2007 mkutano mkuu wa ICAO ulikuwa umeyataka mataifa wanachama yaandae mipango ya kitaifa ya PBN. Mkutano wa mwaka 2010 ulirudia wito huo kwa azimio A37-11, lililotaka barabara zote za kutua zinazotumika kwa kuruka kwa vyombo ziwe na taratibu za kukaribia kutua zenye mwongozo wa kushuka ifikapo mwaka 2016, kwa kupitia hatua ya asilimia 30 mwaka 2010 na asilimia 70 mwaka 2014. Palipokosekana uwezekano wa mwongozo wa kushuka, utaratibu wenye mwongozo wa upande pekee uliruhusiwa.

Malengo hayo yalihitaji watu wengi wenye ujuzi kwa muda mfupi. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni namba 2016/539 iliingiza PBN katika mafunzo na mitihani ya marubani wanaoruka kwa vyombo, na kuweka tarehe 25 Agosti 2020 kuwa mwisho wa muda wa mpito kwa marubani waliokuwa na leseni tayari.

Wanaofundishwa

Wasanifu wa taratibu za kuruka

Msanifu ndiye anayechora njia ambayo ndege itafuata wakati wa kuondoka, kuingia na kukaribia kutua. Hufundishwa kutumia kanuni za ICAO zilizomo katika hati namba 8168, ambazo huonyesha upana wa eneo linalolindwa kila upande wa njia na urefu wa nafasi inayopaswa kubaki kati ya ndege na kilima, mnara au jengo. Kwa taratibu za RNP AR kuna mwongozo wake, hati namba 9905.

Mwanafunzi wa usanifu hujifunza kwanza kupima na kuhakiki vizuizi. Mnara wa simu uliojengwa karibuni lakini haujaingizwa katika orodha ya vizuizi unaweza kuufanya utaratibu mzima uwe wa hatari. Baada ya darasani hufanya kazi chini ya usimamizi wa msanifu mzoefu kabla ya kuruhusiwa kusaini mchoro wake mwenyewe. Mchoro hukaguliwa na mtu mwingine, na mara nyingi hujaribiwa na rubani wa majaribio kabla ya kuchapishwa.

Watunza taarifa za anga

Watumishi hawa huchapisha ramani na kupeleka takwimu za njia kwa kampuni zinazotengeneza hifadhidata za kompyuta za ndege. Hufundishwa kwamba majira yote ya nukta lazima yatolewe katika mfumo mmoja wa kupima dunia, WGS-84. Majira yaliyopimwa katika mfumo wa zamani yanaweza kuihamisha nukta mita mia kadhaa kutoka mahali pake, ingawa namba zenyewe zinaonekana sawa.

Pia hufundishwa ratiba ya kimataifa ya kubadilisha taarifa, inayoitwa AIRAC, ambayo huendeshwa kwa vipindi vya siku 28. Njia mpya haianzi kutumika siku yoyote tu. Huanza tarehe iliyopangwa, ili ramani mezani mwa rubani, hifadhidata katika ndege na mfumo wa waongoza ndege vibadilike pamoja.

Waongoza ndege

Mwongoza ndege aliyezoea rada na vituo vya redio anapaswa kubadili baadhi ya desturi zake. Zamani angeweza kumtoa rubani katika njia na kumpa mwelekeo wa dira wakati wowote. Katika utaratibu wa RNP, agizo la ghafla linaweza kuvuruga mpangilio wa kompyuta ya ndege na kuwaongezea marubani kazi wakati wa kushuka. Mwongozo wa ICAO hauruhusu ndege ielekezwe moja kwa moja kwenye nukta inayoanzisha hatua ya mwisho ya kukaribia kutua. Inaweza kuelekezwe kwenye nukta iliyo kabla yake, mradi kona itakayopigwa hapo isizidi digrii 45.

Waongoza ndege hufundishwa pia kutambua katika mpango wa safari uwezo wa kila ndege, kwa kuwa ndege zenye viwango tofauti hukutana katika anga moja. Hujifunza la kufanya rubani anapotoa kauli ya kimataifa kwamba hawezi tena kutimiza kiwango cha RNP: jinsi ya kumtenga na ndege nyingine na kumpa njia mbadala. Mkazo mkubwa huwekwa kwenye shinikizo la hewa linalotolewa kwa ajili ya altimita, kama inavyoelezwa chini.

Marubani

Mafunzo ya rubani huanza kwa nadharia: maana ya viwango, namna setilaiti zinavyofanya kazi, makosa yanayoweza kutokea na mipaka ya vyombo vya ndege yake. Kisha hufuata mazoezi katika simuleta na, pale inapohitajika, katika ndege. Mambo makuu ni haya:

- kabla ya safari, kuhakikisha kwamba ndege ina kibali cha kiwango kinachohitajika, hifadhidata haijapitwa na tarehe, na mawimbi ya setilaiti yanatarajiwa kutosha wakati wa kuwasili;
- kuita utaratibu kwa jina lake kutoka katika hifadhidata, bila kutunga nukta zake kwa mkono;
- kulinganisha nukta moja moja na ramani iliyochapishwa: jina, mwelekeo, umbali na mwinuko;
- kuchagua kikomo sahihi cha kushuka, kwa kuwa ramani moja inaweza kuwa na mistari ya LNAV, LNAV/VNAV na LPV, kila mmoja ukiwa na masharti yake;
- kufuatilia mkengeuko. Kwa kawaida ndege haitakiwi kutoka kwenye mstari zaidi ya nusu ya usahihi uliotajwa; kwa RNP 1, kwa mfano, ni nusu maili;
- kughairi kutua na kupanda tena onyo linapotokea kabla ya barabara ya kutua kuonekana.

Jambo linalorudiwa katika mafunzo ni kujua kompyuta inafuata amri gani kwa sasa. Rubani hufundishwa kusoma herufi ndogo zilizo juu ya kioo chake na kuzitamka kwa mwenzake, badala ya kudhani kwamba kitufe alichobonyeza kimefanya kazi.

Wakaguzi na wafanyakazi wengine

Mkaguzi wa mamlaka ya usafiri wa anga ndiye anayeamua kama shirika la ndege lipewe kibali cha PBN. Hufundishwa kukagua vyeti vya ndege, vitabu vya uendeshaji, programu ya mafunzo ya shirika na namna linavyopokea hifadhidata. Mkaguzi asiyeielewa PBN huweza kuidhinisha makaratasi yaliyopangwa vizuri lakini yasiyolingana na kazi, au kuchelewesha bila sababu shirika lililo tayari. Wapangaji wa safari na mafundi wa ndege nao hupewa mafunzo mafupi kulingana na kazi zao.

Njia za kufundishia

ICAO huhimiza mafunzo yanayopima umahiri. Katika njia hiyo mwanafunzi hahesabiwi kuwa amehitimu kwa sababu tu amekaa darasani saa kadhaa, bali kwa sababu ameonyesha kwamba anaweza kufanya kazi kwa kiwango kilichowekwa. Mwalimu huandika matendo yanayotazamwa. Kwa rubani, kwa mfano, tendo linaweza kuwa kugundua bila kuambiwa kwamba nukta moja ya njia haipo katika hifadhidata.

Nadharia hufundishwa darasani au kwa kompyuta. Simuleta hutumiwa kuigiza hitilafu ambazo si salama kuzijaribu angani: kupotea kwa mawimbi ya setilaiti katikati ya kona, mifumo miwili ya ndege kutokubaliana, au injini moja kuzimika wakati wa kupanda tena kati ya milima. Kwa waongoza ndege kuna simuleta za rada na za mnara.

Vyuo vingine huwaweka pamoja marubani, waongoza ndege na wasanifu katika zoezi moja la utaratibu mpya. Katika mazoezi hayo rubani hupata nafasi ya kumwonyesha msanifu kwamba kona fulani inahitaji mwendo mdogo kuliko ndege inavyoweza, na mwongoza ndege huona kinachotokea katika chumba cha marubani anapobadilisha agizo dakika ya mwisho.

Mafunzo hayaishii kwenye cheti cha kwanza. Marubani wa mashirika hurudi kwenye simuleta kila baada ya kipindi kilichowekwa, na hifadhidata, ramani na kanuni zinapobadilika hupewa maelezo mapya.

Matukio yanayotumika kufundishia

Cali, 1995

Usiku wa tarehe 20 Desemba 1995 ndege ya American Airlines aina ya Boeing 757, safari namba 965 kutoka Miami, ilikuwa ikikaribia mji wa Cali nchini Kolombia. Marubani walikubali kubadilisha barabara ya kutua ili waingie moja kwa moja, na hivyo wakabaki na muda mfupi wa kujipanga. Walipotaka kuelekea kituo cha redio cha Rozo, ambacho kwenye ramani kilitambulishwa kwa herufi R, waliingiza herufi hiyo katika kompyuta. Katika hifadhidata herufi R peke yake ilikuwa ya kituo kingine kiitwacho Romeo, karibu na Bogotá, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo. Ndege ikageuka kushoto kuelekea milimani. Cali haikuwa na rada ya kumwezesha mwongoza ndege kuona kona hiyo. Marubani walipogundua na kuanza kurudi, tayari walikuwa chini ya vilele. Kati ya watu 163 waliokuwemo, 159 walifariki.

Mwongozo wa PBN haukuwepo bado wakati huo, lakini ajali hii husomwa katika kozi nyingi kwa sababu kompyuta haikuharibika. Ilitekeleza ilichoambiwa. Ramani na hifadhidata zilitumia utambulisho tofauti kwa kituo kilekile, na marubani hawakulinganisha mwelekeo mpya na ule waliotarajia kabla ya kuukubali.

Paris, 2022

Tarehe 23 Mei 2022 ndege aina ya Airbus A320 iliyotoka Stockholm ilikuwa ikikaribia kutua katika kiwanja cha Paris-Charles de Gaulle kwa utaratibu wa RNP wenye kikomo cha LNAV/VNAV. Katika utaratibu huo mteremko wa ndege hukokotolewa kutokana na altimita, inayopima shinikizo la hewa. Hakuna mwale wa redio unaotoka ardhini. Mwongoza ndege alitoa shinikizo la hektopaskali 1011 wakati thamani halisi ilikuwa 1001. Hektopaskali moja ni sawa na futi 28 hivi, kwa hiyo ndege ilishuka takriban futi 280 chini ya njia yake huku vyombo vikionyesha kwamba iko mahali pake. Marubani walikuwa ndani ya mawingu na mvua. Walipoghairi kutua na kupanda tena, ndege ilifika futi 6 tu juu ya ardhi, yaani karibu mita 2, kabla ya kuifikia barabara ya kutua. Hakuna aliyeumia.

Katika kutua kwa mfumo wa ILS, ambao hutumia mwale wa redio, kosa kama hilo lisingeiondoa ndege kwenye mteremko wake. Ndiyo maana waliozoea ILS hufundishwa upya. Mwongoza ndege hujifunza kwamba namba moja iliyokosewa inaweza kuishusha ndege bila onyo kwa marubani. Rubani hujifunza kulinganisha namba aliyopewa na taarifa ya hali ya hewa iliyorekodiwa, na kuangalia mwinuko wake dhidi ya umbali uliobaki.

Mawimbi ya setilaiti kuvurugwa

Mafunzo ya miaka ya karibuni yameongezewa somo la kuvurugwa kwa mawimbi. Mawimbi ya setilaiti hufika ardhini yakiwa dhaifu, na yanaweza kuzimwa kwa mtambo wenye nguvu zaidi au kuigizwa ili ndege iamini iko mahali pengine. Matukio ya aina hiyo yameongezeka karibu na maeneo ya vita, hasa Mashariki ya Kati na kandokando ya Bahari ya Baltiki. Mwishoni mwa Aprili 2024 shirika la Finnair lilisimamisha kwa mwezi mmoja safari zake za Tartu nchini Estonia, kwa sababu taratibu zilizokuwepo huko zilitegemea GPS.

Marubani hufundishwa dalili zake: saa ya ndege kubadilika ghafla, onyo la ardhi kulia ndege ikiwa juu sana, au mahali pa ndege kuhama bila sababu. Hufundishwa pia kurudi kwenye njia za zamani za VOR, DME na ILS. Hili ni tatizo kwa kizazi kipya cha marubani na waongoza ndege, ambao wamezitumia njia hizo kwa nadra. Baadhi ya nchi zimebakiza idadi ndogo ya vituo vya ardhini kwa ajili ya dharura.

Afrika Mashariki

PBN ina manufaa ya wazi katika Afrika Mashariki, ambako viwanja vingi havina ILS. Utaratibu wa RNP APCH unaweza kuwekwa kwenye kiwanja bila kujenga mtambo wa urambazaji hapo, ingawa bado unahitaji upimaji wa vizuizi, taarifa sahihi za hali ya hewa na barabara inayofaa.

Mazingira ya eneo hili huathiri pia kinachofundishwa. Kilimanjaro, yenye mita 5,895, na Mlima Kenya, wenye mita 5,199, hudai uangalifu katika kuchora njia na kuweka mwinuko wa chini kabisa. Kiwanja cha Jomo Kenyatta mjini Nairobi kiko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo ndege inayoonyesha mwendo uleule kwenye kioo huwa inakwenda kasi zaidi kwa karibu asilimia 10 kuliko pwani, na kona yake hupanuka kwa takriban sehemu ya tano. Rubani na msanifu wote wanapaswa kulihesabu hilo.

Joto nalo ni sehemu ya somo. Vitabu vingi vya kigeni huonya juu ya baridi kali, ambayo huifanya ndege iwe chini kuliko altimita inavyoonyesha. Katika nchi za joto hutokea kinyume chake: ndege huwa juu kidogo, na mteremko unaokokotolewa kwa altimita huwa mkali zaidi. Kwa mwinuko wa Nairobi, joto la kawaida la kitaalamu ni nyuzi 4 hivi; siku yenye nyuzi 25 tayari imezidi kwa takriban nyuzi 20. Rubani asiyejua hili anaweza kufika mwishoni mwa mteremko akiwa na mwendo mkubwa kupita kiasi.

Mafunzo ya wataalamu wa usafiri wa anga katika eneo hili hutolewa na vyuo kama vile Chuo cha Usafiri wa Anga cha Afrika Mashariki kilichopo Nairobi, chuo cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kilichopo Dar es Salaam, na chuo cha urubani cha Soroti nchini Uganda. Wakala wa Usimamizi wa Usalama wa Usafiri wa Anga wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (CASSOA), wenye makao makuu Entebbe, husaidia nchi wanachama kulinganisha kanuni zao na kushirikiana katika ukaguzi.

Kwa usanifu wa taratibu, nchi ndogo hupata shida ya kuwa na wasanifu wachache, au kumpoteza aliyefundishwa kwa gharama kubwa anapohamia kazi nyingine. Ili kupunguza tatizo hilo ICAO ilianzisha mpango wa taratibu za kuruka kwa ajili ya Afrika, wenye kituo chake Dakar nchini Senegal, ulioanza kazi mwaka 2014. Nchi zilizojiunga hupata mafunzo ya wasanifu na msaada wa kitaalamu, ili kila moja isilazimike kujenga idara nzima peke yake. Msanifu aliyehitimu hupaswa kuendelea kuchora mara kwa mara, kwa kuwa ujuzi huo hufifia usipotumika.